Mapenzi Katika Nchi ya Udhalimu

Tangu mwaka 2008, na kwa miaka kama saba iliyofuata, kijana wa Marekani mwenye mazoea ya kusoma hakukosa kukutana na msichana mmoja katika kila duka la vitabu. Msichana huyo ana umri wa miaka 16 au 17. Nchi yake ni ya wakati ujao, nayo imeharibika. Serikali inayomtawala ni katili. Na katikati ya ukatili huo moyo wake umetekwa na mapenzi. Jina lake hubadilika kitabu hata kitabu. Katika The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008) anaitwa Katniss. Katika Matched ya Ally Condie (2010) anaitwa Cassia. Katika Delirium ya Lauren Oliver (2011) anaitwa Lena. Katika Divergent ya Veronica Roth (2011) anaitwa Tris. Na katika The Selection ya Kiera Cass (2012) anaitwa America. Baadhi ya vitabu hivyo viliuzwa kwa mamilioni na kufanywa sinema. Wasomaji wake wengi walikuwa watoto wa shule, na kwa sababu hiyo likazuka swali ambalo halijazimika mpaka leo: Je, riwaya za dola dhalimu zilizochanganywa na mapenzi zinawafaa vijana?

Waliojibu swali hilo wamejigawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la walinzi wa maadili, nao husema kwamba vitabu hivyo vina giza na damu kupita kiasi, na kwamba kijana hapaswi kulishwa vifo. Kundi la pili ni la wachuuzi wa vitabu pamoja na mawakili wao, nao husema kwamba kijana asomaye chochote ni heri kuliko kijana asiyesoma kitu, basi aachwe asome apendacho. Makundi haya yanapingana kwa sauti kubwa, walakini yamekosea mahali pamoja. La kwanza linahesabu maiti. La pili linahesabu nakala zilizouzwa. Hakuna linalouliza kitabu kinamfundisha msomaji nini juu ya udhalimu wenyewe. Kipimo cha haki ni kazi inayofanywa na mapenzi ndani ya hadithi. Kama mapenzi yanamfumbua msomaji macho apate kuuona udhalimu, kitabu kinafaa hata kikiwa na damu. Kama yanamfumba macho asiuone, kitabu ni dhaifu hata kikiwa safi kama maji ya mvua.

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba nchi dhalimu ya kubuni si uzushi wa jana. Yevgeny Zamyatin wa Urusi aliandika riwaya ya namna hiyo, nayo ikatoka kwa Kiingereza mwaka 1924 kwa jina la We, kwa kuwa katika nchi yake haikuruhusiwa. Aldous Huxley alifuata mwaka 1932 kwa Brave New World, na George Orwell mwaka 1949 kwa Nineteen Eighty-Four. Msomaji wa Kiswahili naye hana haki ya kujifanya mgeni katika jambo hili. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ni habari ya nchi iliyo angani, ambamo Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha uanasheria, na ambamo wajumbe waliotumwa kutafuta mema walipata adhabu badala ya shukrani. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimekisoma kitabu hicho darasani, wala hapakusikika kwamba vimeharibika kwa kuuona uonevu uliochorwa kwa wino. Jambo lililo geni katika vitabu vya Marekani si giza. Geni ni kwamba shujaa amekuwa msichana wa umri wa msomaji, na kwamba mapenzi yake yamepewa nafasi iliyo sawa na siasa, na pengine kubwa kuliko siasa.

Na yatazamwe sasa mashtaka ya walinzi. Chama cha Maktaba cha Marekani hutoa kila mwaka orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa kuliko vingine katika shule na maktaba za nchi hiyo. Mwaka 2010 The Hunger Games ilikuwa ya tano. Mwaka 2011 mfululizo wake wote ulipanda hadi nafasi ya tatu. Sababu zilizotolewa na walalamikaji ni za kustaajabisha. Mwaka 2010 palitajwa ukatili, na hilo halikanushiki. Lakini palitajwa pia uchafu wa tendo la ndoa. Mwaka uliofuata yaliongezwa matusi, kuipinga familia, na hata uchawi na ibada za shetani. Mtu aliyekisoma kitabu hicho hawezi kuyapokea mashtaka hayo bila mashaka kwamba washtaki hawakukifungua. Katika kitabu chote wapenzi hawafanyi zaidi ya kubusiana, na mabusu mengi ni ya kuigiza mbele ya watazamaji. Na habari ya kuipinga familia inakuwaje, ikiwa hadithi nzima inaanzia kwa dada mkubwa anayejitoa kufa ili mdogo wake wa miaka 12 apate kuishi?

Mwezi wa Juni mwaka 2011 mhakiki Meghan Cox Gurdon aliandika katika gazeti la Wall Street Journal kwamba vitabu vya vijana vimekuwa na giza mno. Makala yake ilileta kishindo, na majibu yalikuja kwa wingi. Hoja yake ilikuwa na uzito kuliko ya wale wanaotafuta mashetani katika kurasa, kwa kuwa ni kweli kwamba mwandishi aweza kuuza mateso kama mwenye duka auzavyo peremende. Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba inaliweka giza lote katika chungu kimoja. Yapo mauaji yanayosimuliwa ili msomaji asisimke, na yapo mauaji yanayosimuliwa ili msomaji aomboleze. Na tofauti baina ya hayo mawili ni kubwa kuliko tofauti baina ya kitabu chenye kifo na kitabu kisicho nacho.

Mfano ni kifo cha Rue katika The Hunger Games. Rue ni mtoto wa miaka 12 kutoka wilaya ya wakulima, naye anauawa kwa mkuki na kijana mwenzake, mbele ya kamera, kwa burudani ya mji mkuu. Mwandishi hakumwacha msomaji apite. Katniss anakaa naye mpaka roho inatoka, anamwimbia, kisha anaupamba mwili wake kwa maua ili watazamaji walazimike kumwona kuwa ni mtu. Watu wa wilaya ya Rue, walio fukara wa kutupwa, wanamtumia Katniss mkate kwa shukrani. Ni vigumu kupata katika vitabu vya vijana somo lililo wazi kuliko hilo juu ya thamani ya mtoto wa maskini. Anayekiondoa kitabu hicho rafuni kwa sababu mtoto ameuawa ndani yake amewafanyia hisani watawala wa hadithi, ambao nao walitaka maiti zipite haraka bila maua.

Zaidi ya hayo, damu katika kitabu hicho ina hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo elimu. Nchi inaitwa Panem, jina la Kilatini lenye maana ya mkate, kwa ukumbusho wa watawala wa Roma waliowatuliza raia kwa chakula na michezo. Kila mwaka wilaya 12 hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye umri wa miaka 12 hadi 18, waende kuuana. Kwa maneno, kura ni ya haki kwa wote. Kwa vitendo, mtoto wa maskini aweza kuliandikisha jina lake mara nyingi zaidi ili familia ipate nafaka na mafuta, na nyongeza hizo hazifutiki mwaka hata mwaka. Prim, mwenye miaka 12, ana karatasi moja tu ndani ya chombo. Dada yake ana 20. Gale, kijana wa miaka 18 anayelisha mama na wadogo zake, ana 42. Hivyo binti wa meya na mtoto wa mchimba makaa wanasimama katika uwanja mmoja chini ya sheria moja, lakini mmoja wao amekwisha kuiuza shingo yake kwa kibaba cha nafaka. Msomaji wa miaka 14 akiielewa hesabu hiyo, ameelewa jambo ambalo vitabu vingi vya uraia havimwambii: kwamba sheria yaweza kuwa sawa kwa wote katika maandishi, na bado ikamla maskini peke yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mlezi amfichaye kijana habari za udhalimu humwacha akutane nao akiwa kipofu.

Hoja ya walinzi ikianguka, haifuati kwamba hoja ya wachuuzi imesimama. Kusema kwamba kusoma kokote ni kuzuri ni kama kusema kwamba kula kokote ni kushiba. Wachuuzi hawa walipoona kwamba kitabu kimoja kimeuzwa, walitafuta mfano wake, na mfano wa mfano wake, wakashika vitu viwili ambavyo ni rahisi kuigwa: nchi ya ajabu yenye mgawanyo wa watu, na msichana asiyejua amchague nani. Kilichokuwa kigumu kuigwa, yaani hasira yenye hesabu, kiliachwa kando. Suzanne Collins amepata kueleza kwamba wazo la kitabu chake lilimjia usiku mmoja alipokuwa akibadilisha idhaa za televisheni, akiona huku vijana wakishindana kwa burudani na huku habari za vita vya Iraki, mpaka picha hizo mbili zikachanganyika machoni pake. Baba yake alikuwa askari aliyekwenda vita vya Vietnam. Kitabu chake kilizaliwa na jambo. Vingi vilivyofuata vilizaliwa na kitabu chake.

Hapa ndipo kipimo cha mapenzi kinapofanya kazi. Katika The Hunger Games mapenzi yenyewe yametiwa mashakani. Peeta, mtoto wa mwoka mikate, anatangaza mbele ya watazamaji kwamba anampenda Katniss, na mara moja habari hiyo inakuwa mali. Wafadhili matajiri wanapenda hadithi ya wapenzi wawili waliohukumiwa kufa, basi wanatuma dawa na chakula. Katniss anajifunza bei: busu moja, bakuli moja la mchuzi. Anambusu kijana mgonjwa pangoni asijue mwenyewe kama anampenda au anamtafutia chakula. Katika kitabu cha pili, Catching Fire cha mwaka 2009, rais wa nchi anamwamuru aendelee kuyaonyesha mapenzi hayo ili wilaya zitulie, na raia wa mji mkuu wanapiga kura kuchagua nguo yake ya arusi wakati wengine wanakufa kwa njaa. Hakuna mlinzi wa maadili aliyewahi kumwonya msichana juu ya mapenzi ya kuonyeshwa watu kwa nguvu kama hiyo. Kitabu kinamwambia msomaji wazi: jihadhari na hadithi ya mapenzi unayopewa na mtawala, maana yaweza kuwa pazia.

Hata mashindano ya wavulana wawili, ambayo mhakiki mwenye haraka huyadharau, yana maana katika mfululizo huo. Gale na Peeta hawatofautiani kwa sura wala kwa nguvu tu. Wanatofautiana kwa rai juu ya vita. Katika kitabu cha tatu, Mockingjay cha mwaka 2010, Gale anasaidia kubuni mtego wa mabomu unaolipuka mara mbili: mara ya kwanza kuua, mara ya pili kuwaua wale wanaokuja kuokoa majeruhi. Mabomu ya namna hiyo yanaangushwa juu ya watoto, na miongoni mwa waliokimbilia kuwaokoa ni Prim, yule mdogo ambaye hadithi yote ilianza kwa kumponya. Hakuna ajuaye kwa yakini kama bomu lilikuwa la Gale, na urafiki wao haupati kupona. Basi uchaguzi wa mume umekuwa hukumu juu ya jambo zito: je, mwenye haki aweza kutumia silaha ya dhalimu, akabaki mwenye haki? Katniss anatoa jibu lake hadharani pia, kwa kumpiga mshale kiongozi wa waasi badala ya rais aliyeshindwa, baada ya kiongozi huyo kupendekeza watoto wa mji mkuu nao wachezeshwe mchezo wa kuuana. Mapenzi hapa ni mlango wa siasa.

Linganisha na The Selection. Nchi ya Illéa imegawa watu wake katika matabaka 8. La nane ni la wasio na makao. America ni wa tabaka la tano, mpenzi wake Aspen ni wa tabaka la sita, na katika kurasa za mwanzo msichana anamfichia mvulana chakula kwa kuwa nyumbani kwake wana njaa. Mwanzo huo ni mwema. Mbegu ya kweli imo. Kisha wasichana 35 wanaitwa ikulu washindanie kuolewa na mwana wa mfalme, na kuanzia hapo njaa inarudi nyuma ya mapazia. Msomaji anashughulishwa na nguo, wivu, na swali la nani ataondolewa kesho. Mara chache uonevu hujitokeza tena, kama pale msichana na askari wanapochapwa hadharani kwa kosa la kupendana. Lakini hauruhusiwi kukaa. Mwisho wake, katika The One cha mwaka 2014, mfalme mbaya anauawa, mwanawe mwema anatawala, msichana anaolewa, na matabaka yataondolewa kwa hisani ya bwana arusi. Watu wa tabaka la nane hawakutakiwa kufanya neno ila kusubiri mapenzi ya wakubwa yafike mwisho mzuri.

Kitabu hicho ni kisafi kuliko The Hunger Games kwa kipimo cha walinzi. Damu ni chache, na harusi ipo. Lakini ndicho chenye fundisho la hatari, kwa kuwa kinamwambia msichana kwamba dawa ya dola dhalimu ni kupendwa na mwenye dola. Mshangao si kwamba mwandishi aliandika ngano ya mwana wa mfalme; ngano za namna hiyo zina haki ya kuishi, na watu wamezipenda tangu zamani. Mshangao ni kwamba njaa ya tabaka la chini imetumiwa kama rangi ya ukutani. Ngano ya kweli haidai kuwa habari ya udhalimu. Hii inadai, halafu haitimizi.

Katikati ya vitabu hivyo viwili yamo Matched na Delirium. Katika cha kwanza serikali inamchagulia kila mtu mwenzi. Katika cha pili mapenzi ni maradhi, na kila raia hutibiwa afikapo miaka 18. Katika vitabu hivi kupenda ndiko kuasi. Wazo hilo lina nguvu, kwa sababu dhalimu wa kweli hawaachi raia hata ndani ya mioyo yao, na kijana anayepangiwa kila kitu na wakubwa analielewa mara moja. Lakini wazo hilo lina mtego: laweza kumfanya kijana adhani kwamba akisha kupenda amekwisha kuasi. Orwell aliuona mtego huo zamani. Winston na Julia wanadhani mapenzi yao ni silaha. Dola inawakamata, inawatesa, na kila mmoja anamsaliti mwenzake. Fundisho hilo ni kali, na si lazima kila kitabu cha vijana kiishie hapo. Lakini kitabu kinachoifanya serikali yenye majeshi na wapelelezi ishindwe na busu kimemdanganya msomaji juu ya nguvu ya serikali na juu ya nguvu ya busu.

Yaliyompata Veronica Roth yanathibitisha jinsi wasomaji walivyokwisha kuzoeshwa. Katika Allegiant, kitabu cha tatu cha mfululizo wake, kilichotoka mwaka 2013, Tris anakufa kwa kujitoa mhanga, na mpenzi wake anabaki peke yake. Wasomaji wengi walikasirika, wakaona kwamba wameibiwa. Mtu aweza kubishana kama kifo hicho kiliandikwa kwa ufundi. Huo ni uhakiki wa halali. Lakini hasira yenyewe ilitoka wapi? Msichana aliyefundishwa tangu ukurasa wa kwanza kwamba kujitoa kwa ajili ya wengine ni fadhila, anapojitoa kweli na kufa, ni kosa gani lililotendeka? Kosa lilikuwa kuvunja ahadi ya biashara, yaani kwamba vita vyovyote vikatili kiasi gani vitalipwa kwa wapenzi wawili kukumbatiana. Ahadi hiyo haikutolewa na historia ya dola yoyote dhalimu. Ilitolewa na wachuuzi.

Wachuuzi hao hawakushindwa hata na kitabu kilichowaonya. Sinema ya The Hunger Games ilipotoka mwaka 2012, mashabiki waligawanywa katika kambi mbili, ya Peeta na ya Gale, kana kwamba hoja ya mabomu ni mashindano ya uzuri. Mwaka 2013 kampuni moja ya vipodozi ya Marekani ikauza rangi za uso na kucha zilizoigwa na mapambo ya mji mkuu, yaani mapambo ya wale wale wanaotazama watoto wakiuana huku wakila. Ni vigumu kumlaumu mtoto wa miaka 13 kwa kutoelewa kitabu, ikiwa wakubwa wenye elimu wamekisoma na kuona ndani yake soko la wanja.

Pingamizi moja linastahili jibu la heshima. Wako wasemao kwamba ukali juu ya riwaya za mapenzi ni dharau kwa wasichana iliyovikwa joho la elimu. Kwamba mvulana akisoma hadithi ya vita yenye upuuzi haulizwi kitu, lakini msichana akisoma hadithi ya mapenzi huitwa mjinga. Dharau hiyo ipo, na ni ovu. Lakini anayetaka kitabu bora kwa msichana hamdharau. Anayemdharau ni yule anayedhani kwamba hawezi kuimeza habari ya njaa mpaka ipakwe asali hata isionjwe tena. Katniss, anayehesabu karatasi za kura na bei ya mchuzi, alipokewa na mamilioni ya wasichana bila taabu. Wao wenyewe wamekwisha kuthibitisha kwamba akili yao inatosha.

Nao vijana walithibitisha zaidi ya hapo. Katika hadithi, watu wa wilaya ya Katniss humuaga kwa ishara: vidole vitatu vya kati hugusishwa midomoni, kisha mkono ukainuliwa. Ishara hiyo ni ya shukrani na ya kumuaga umpendaye. Mwezi wa Mei mwaka 2014 jeshi la Tailandi liliipindua serikali, na waliopinga mapinduzi hayo wakaanza kuinua vidole vitatu mitaani. Jeshi likaonya kwamba waionyeshao ishara hiyo hadharani wataweza kukamatwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo wanafunzi watano waliinua vidole hivyo mbele ya waziri mkuu aliyekuwa jenerali, huko Khon Kaen, wakakamatwa. Mwaka 2020 wanafunzi wa shule za sekondari za nchi hiyo waliinua vidole vile vile, na mwaka 2021 ishara ikavuka mpaka ikawafikia vijana wa Myanmar waliopinga mapinduzi ya jeshi lao. Watawala hao hawakuuliza kama kitabu kina mabusu mengi au damu nyingi. Waliuona udhalimu wao ndani ya ishara, na wakaogopa. Hakuna kamati ya maktaba iliyowahi kutoa hukumu iliyo wazi kama hiyo juu ya kitabu kilichosomwa vizuri.

Wasomi wa Kiswahili wana sababu yao ya kulifuatilia shauri hili, kwa kuwa limewafika pia. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, haikubuni nchi ya wakati ujao. Ilisimulia msichana wa Ukerewe ambaye baba yake mkali alimpiga kwa ajili ya barua ya mvulana, akamfungia kila mlango wa kuujua ulimwengu, na mlango ulipofunguliwa msichana akapotea. Kitabu kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa kuwa kilisema mambo ya mapenzi waziwazi. Hivyo riwaya iliyoonyesha kwamba katazo lisilo na mafundisho huangamiza ilijibiwa kwa katazo lisilo na mafundisho. Waliokikataza walipima maneno ya aibu, wakaacha kupima hoja. Ni kosa lile lile lililotendwa Marekani, ila kwa tarehe nyingine.

Basi mwalimu, mzazi na mtunza maktaba wanayo kazi, nayo si ya kufunga kabati wala ya kulifungua na kuondoka. Kazi yao ni kusoma kabla ya kijana au pamoja naye, kisha kuuliza maswali machache yasiyokwepeka. Nani ana njaa katika nchi hii, na kwa sheria ipi? Mapenzi ya hawa wawili yanamfaa nani, na yanamficha nani? Mwisho wa hadithi, je, wenye njaa wamefanya nini kwa mikono yao, au wamengoja arusi? Kijana aliyezoea kuuliza hivyo aweza kusoma The Selection bila kudhurika, kwa kuwa atauona ukuta uliopakwa rangi. Naye ataisoma The Hunger Games kwa faida, kwa kuwa ataihesabu bei ya mchuzi. Asiyezoezwa kuuliza hatalindwa na orodha yoyote ya makatazo. Atakua, ataacha vitabu vya vijana, ataingia katika nchi halisi yenye kura halisi na nafaka halisi. Na siku atakapoonyeshwa na watawala wake sherehe nzuri ya wapendanao, atashangilia kama watu wa mji mkuu, asiulize karatasi za nani zimejaa ndani ya chombo.